Mume wa Mama Mkwe Ndiye Mhudumu Wangu

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leseni imetoka! Ina muhuri, ina saini, na sasa inaning'inia sebuleni mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu. Nereida kauliza picha imekwenda wapi. Nikamwambia mapenzi hayahitaji leseni. Hakucheka. Mke wangu ana mambo mengi mazuri, kucheka si mojawapo.

Kuanzia leo sisi ni watu wa mgahawa. Sebule ndiyo ukumbi. Jiko ni lilelile la kuni, na la gesi ikipatikana. Mpishi ni Nereida, na kwa nguruwe wa kuoka na muhogo wa kitunguu saumu hana mpinzani hapa Cienfuegos. Mama yake, Mama Eusebia, anapika kastadi ya sukari iliyoungua ambayo ukiitazama tu inatetemeka. Mimi, Evaristo Quesada, ni mkurugenzi. Zamani nilikuwa naonyesha filamu kwenye jumba la sinema, mpaka umeme ukawa wa kubahatisha, watu wakawa wanaona mwanzo wa filamu Jumatatu na mwisho wake Ijumaa. Nikachoka kuulizwa muuaji ni nani.

Sheria za mgahawa wa nyumbani nimezimeza zote. Viti visizidi kumi na viwili. Nyama ya ng'ombe marufuku. Kambakoche, yule kamba mkubwa mwenye masharubu marefu, marufuku kabisa. Na atakayefanya kazi lazima awe mtu wa familia. Nereida kasoma ukurasa mmoja tu, ule wa afya. Yeye na mama yake wamekwisha kwenda kliniki, wamepimwa, wana kadi. Kanihimiza na mimi niende. Nimemjibu kwamba mkurugenzi hashiki sufuria.

(Kliniki kuna sindano. Hilo sikumwambia.)

Ng'ambo ya barabara yupo Baldomero Ferrán, ambaye alifungua mgahawa wake kabla yangu kwa makusudi ya kuniudhi. Watoto wake watatu wanahudumia wateja, mashati meupe pe! Mimi binti yangu mmoja kaolewa mbali, Camagüey. Leo Baldomero kasimama mlangoni kwake, kanipungia mkono. Mkono wa dharau.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Wateja wanne. Chakula, hakuna cha kusema: hata mifupa ililambwa.

Tatizo ni mhudumu. Nereida yuko jikoni, Mama Eusebia hapendi kusimama, nikabaki mimi. Kumbe kubeba sahani mbili pamoja ni taaluma! Supu ya maharage meusi ilitoka jikoni salama, ikafika mapajani kwa Mkanada mmoja. Nilimwomba radhi. Nikampangusa. Nilipokuwa nampangusa kiwiko changu kikagonga mtungi wa maji, ukammalizia mkewe.

Hawakulipa, wala sikuthubutu kudai.

Jioni Baldomero kapaza sauti toka ng'ambo, mtaa mzima usikie: "Jirani! Nasikia kwako supu inavaliwa!"

Watoto wake wakacheka kwa mpangilio, kama kwaya. Nikaingia ndani kwa heshima zangu zote.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempata! Casimiro Entralgo. Mzee mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, masharubu yamechongwa. Alihudumu hoteli kubwa ya ufukweni miaka na miaka, sasa kastaafu, anacheza dhumna bustanini na wazee wenzake na kuwapangia vipande kama anaandaa meza. Alibeba sahani tano kwa mkono mmoja mbele ya macho yangu. Zilikuwa tupu, lakini mkono ni mkono.

Nikamuuliza kama angependa kurudi kazini. Kasema viganja vinamwasha toka siku aliyostaafu. Mkewe kafariki, nyumba kimya, hata mende wamehama.

Nikarudi nyumbani naruka. Nereida akanimwagia maji baridi kwa swali moja: huyo mzee ni nani wetu?

Familia tu! Sheria! Nikakaa kwenye kiti cha bembea nikifikiri mpaka kichwa kikaanza kufuka moshi. Mama Eusebia akapita mbele yangu na ufagio, akanipiga nao miguuni nisogee. Nikamtazama. Mjane. Mwenye afya. Hana mchumba.

Ee Mungu, kwa nini akili zote hizi ulinipa mimi peke yangu?

Jumapili, 10 Machi

Nimemweleza Nereida mpango. Aliweka kisu chini. Halafu akakiokota tena. Nikahamia upande wa pili wa meza.

Nimefafanua kwamba ni ndoa ya karatasi tu. Wataweka saini, Casimiro atakuwa baba mkwe wangu kisheria, na sahani tano zitatembea sebuleni bila hofu. Nereida kasema mama yake si leseni ya kutundika ukutani.

Basi Mama Eusebia, ambaye tulidhani amelala, akaita toka chumbani: "Huyo mzee meno anayo?"

Anayo, nikasema. Yote, au karibu yote.

Akatoka. Akauliza kama kuchana nywele anajua. Akauliza kama ni mkoromaji. Nikamkumbusha kwamba mzee atalala kwake. Kasema hata hivyo anataka kujua. Mwishowe akakubali kwa masharti: ni karatasi tu, na asiguse redio yake. Redio ile hata mimi siruhusiwi kuigusa, na nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na sita.

Casimiro alipoambiwa alivua kofia. Kasema amehudumia harusi zisizo na idadi lakini hakutegemea kuwa yeye ndiye atakayepelekwa mezani.

Na sasa sikieni! Serikali huwapa maharusi bia kwa bei ya chini, keki, na nafasi ya siku chache hotelini. Bia kreti kadhaa! Nitaziingiza kwenye mgahawa. Nimepata mhudumu na vinywaji kwa saini moja. Baldomero, kaa chonjo.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi. Mkaguzi akija kuuliza, lazima wawe na hadithi moja. Nimewatungia nzuri sana: walikutana ujanani bandarini, mvua ikinyesha, mwavuli mmoja, macho kwa macho, kisha maisha yakawatenganisha.

Mama Eusebia kakataa katakata. Kasema yeye hajawahi hata siku moja kutoka bila mwavuli wake mwenyewe, na wanaomjua watacheka. Casimiro kaniambia kwa upole kwamba hadithi ni nzuri ila ina maji mengi.

Watu wasio na sanaa! Nikawaamuru waikariri hivyohivyo.

Wanafanya mazoezi kwa bidii lakini. Mzee anakuja kila alasiri. Leo kaleta mapera mawili yamefungwa kwenye leso. Wamekaa barazani mpaka jua limezama, Mama Eusebia anacheka, na kicheko chenyewe sijawahi kukisikia. Nilidhani kuna mgeni. Wanaigiza vizuri mno. Nereida kawatazama dirishani, halafu kanitazama mimi, halafu kapanguza mikono. Bila shaka ni kwa kuvutiwa na kipaji changu cha uongozaji.

Jumamosi, 16 Machi

Harusi.

Bia zilifika juu ya baiskeli, za moto kama chai. Nikazificha bafuni. Baldomero, ambaye hakualikwa, akaja na ukoo wake akaomba kunawa mikono. Alikaa huko bafuni muda mrefu kwa mtu wa mikono miwili tu. Nilipoingia nilikuta chupa tupu zimepangwa ukutani kwa adabu.

"Hongera jirani," kaniambia, akinipiga begani. "Siku nyingi sijaona mtu akimuoza mama mkwe ili apate mbeba sahani."

Nikauliza ana maana gani. Kasema hana maana yoyote, yeye ni mtu mjinga tu, anapenda harusi.

Keki ilikuwa na rangi ya buluu. Mama Eusebia alivaa gauni la kijani na hereni ambazo Nereida kasema hazijatoka sandukuni tangu msiba wa baba yake. Casimiro aliposaini kalamu ilimponyoka mara mbili, mtu yule wa sahani tano! Nikamnong'oneza asizidishe kuigiza. Hakunisikia.

Kisha pigo. Nilikuwa nimeanza kumwonyesha Casimiro meza atakazohudumia kesho, nikaona ameshika begi. Na Mama Eusebia naye ana begi. Wanakwenda wapi? Hotelini! Fungate! Nikawakumbusha kwamba hii ni karatasi.

"Karatasi imesema siku nne za hoteli," akajibu Mama Eusebia. "Wewe si ndiye mjuzi wa sheria?"

Wakapanda gari la farasi, wakaenda zao. Mhudumu kaondoka. Kastadi imeondoka na mpishi wake. Redio pia wameichukua. Kaibeba Casimiro.

Jumatatu, 18 Machi

Balaa.

Wateja sita, umeme hakuna, mhudumu ni mimi. Nimejifunza kubeba sahani moja kwa mikono miwili, natembea taratibu, nahesabu pumzi. Ilikuwa inakwenda vizuri. Ndipo akaingia mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akasema anaitwa Komredi Argüelles, mkaguzi.

Sahani ikajiangukia yenyewe.

Kasema ofisini kwao imefika barua isiyo na jina, inayodai kwamba nyumba hii imemwajiri mtu wa nje kwa kumwoza bibi kizee kwa hila. Barua hakunionyesha, lakini harufu ya mafuta ya kukaangia ya Baldomero ilitoka mkobani mpaka puani kwangu. Ningeitambua popote.

Akauliza mhudumu yuko wapi. Nikasema fungate. Akainua nyusi moja. Akauliza walikutana vipi. Nikampa mwavuli wote: mvua, bandari, macho kwa macho. Nikaongeza na radi. Nilisimulia vizuri hata mteja wa meza ya dirishani akaacha kula. Komredi Argüelles akafunga mkoba, akasema atarudi Alhamisi kuwasikia maharusi wenyewe, kila mmoja peke yake. Wakisema tofauti na mimi, leseni itashuka ukutani.

Alipoondoka nilimwambia Nereida asiwe na wasiwasi, nina mpango. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Hakuinua kichwa.

"Evaristo," kasema, "niliacha kazi ya kupikia watoto shuleni kwa sababu nilitaka mara moja tu katika maisha yangu nipike ninachotaka, kwa watu waliokuja kwa ajili yake. Mimi kupika ndiko ninakokujua. Usininyang'anye."

 Nikakaa nikamsaidia kuchagua mawe. Nilitoa mengi. Baadaye kaniambia nusu yalikuwa mchele.

Alhamisi, 21 Machi

Niandike haraka kabla moyo haujapoa!

Asubuhi maharusi wakarudi, weusi wa jua, wamevaa kofia za aina moja. Casimiro akaingia na sanduku lake. Nikamwonyesha mlango wa kwenda kwake. Akanionyesha chumba cha Mama Eusebia. "Kule kwangu kimya mno, mwanangu," kasema. Mwanangu! Mimi!

Nikawavuta pembeni niwakumbushe mwavuli. Sikufika hata kwenye mvua, mlango ukagongwa. Komredi Argüelles. Mapema! Wakaguzi hawana adabu ya saa.

Akaanza na Mama Eusebia, jikoni, mlango umefungwa. Nikaweka sikio tunduni. Nikasikia: "Mwavuli gani? Mwavuli ninao wangu mwenyewe."  Nereida alikuwa nyuma yangu, na yeye kaweka sikio, tukawa tumebanana pale kama wachumba.

Casimiro hakungoja zamu yake. Alifungua mlango, akaingia na kahawa kwenye sinia, akamwekea mkaguzi kikombe bila kutoa hata mlio. Kisha akasimama wima.

"Komredi," kasema, "hii ndoa aliibuni huyu mkwe wangu, ili nibebe sahani. Hilo ni kweli, na mimi nilikubali kwa ajili ya sahani. Wiki moja nimekuja kukariri uongo wake barazani na huyu mama, na hata siku moja hatukuukariri. Tulikuwa tunazungumza. Mimi nilikuwa nimesahau kuzungumza. Sasa ukichukua leseni, chukua. Lakini cheti cha ndoa niachie."

Nilifumba macho. Mzee kaniua! Kasema ukweli mbele ya serikali!

Mama Eusebia akasema kwa sauti nyembamba kwamba huyo mtu anakoroma, lakini ana mkoromo mzuri.

Nereida kanishika mkono. Ulikuwa wa baridi, na unanukia kitunguu saumu.

Komredi Argüelles akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Akasema sheria inamtaka mhudumu awe mtu wa familia, haiulizi aliingiaje. Akasema akianza kufuta ndoa zilizofungwa kwa sababu ya nyumba, friji au bia, mji huu utabaki wa waseja watupu, na wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe na mume wake. Halafu akauliza chakula kipo.

Kipo! Nereida akatoa nguruwe, muhogo, wali na maharage, ndizi za kukaanga. Casimiro akazileta zote kwa mkono mmoja, sahani tano, zimejaa, hazikuyumba. Nilitaka kupiga makofi. Nikapiga. Mkaguzi alipofika kwenye kastadi alifungua kifungo cha juu cha sketi na akafumba macho.

Ushindi! Leseni haikutikisika ukutani.

Kasoro moja ndogo. Kabla ya kuondoka akaomba kadi za afya. Nereida, anayo. Mama Eusebia, anayo. Casimiro anayo, haijawahi kupitwa na wakati hata siku moja. Akageukia kwangu.

Nikaanza kumweleza kuhusu kazi ya mkurugenzi. Akaniuliza kama si mimi niliyemwangushia sahani Jumatatu. Basi, kasema, katika nyumba hii kuna mfanyakazi haramu mmoja tu, na ni mimi. Mpaka nitakapopimwa nisiguse hata kijiko.

Nereida akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta! Kwa hiyo kucheka anajua.

Baldomero alikuwa dirishani kwake, shingo imerefuka kama ya mbuni, anangoja kuniona natoka nalia. Komredi Argüelles alipofika barabarani akasimama. Akanusa. Akavuka. Nikatoka na kiti changu barazani nisikose kitu. Kumbe ndani ya beseni la kuogea la Baldomero walikuwamo kambakoche wazima, wanatembeatembea! Nilimsikia akiapa kwamba ni wa kufuga. Kwamba watoto wamewazoea. Kwamba yule mkubwa anaitwa Panchita.

"Basi mwambie Panchita kwaheri," kasema mkaguzi, "twende naye."

Mgahawa umefungwa mwezi mzima. Nikampungia Baldomero mkono. Taratibu.

Jumapili, 24 Machi

Tumejaa! Wateja wa Baldomero wote wamehamia kwetu, wengine wanangoja barazani viti vipatikane. Casimiro anapita katikati yao kama anateleza. Nereida katoka jikoni mara moja, watu wakampigia makofi, kakimbia kujificha nyuma ya friji iliyozimika, lakini kabla hajafika nilimwona uso. Sijamwona uso ule tangu picha ile ya harusi niliyoishusha ukutani. Nimeirudisha leo, kando ya leseni.

Kliniki nimekwenda jana. Nilizimia kabla ya sindano, jambo lililowarahisishia kazi.

Baba (ndivyo ninavyotakiwa kumwita) amechukua kiti changu cha bembea, na alasiri kanituma mkaa. Nikaenda. Ni mhudumu wangu, ninamlipa, na nikaenda! Lakini sinung'uniki. Yote haya, mgahawa, makofi, kicheko cha Mama Eusebia, ni matunda ya kichwa kimoja, nacho ni hiki changu. Wengine walisema ukweli tu, kazi ambayo kila mtu anaiweza.

Nereida kaniomba niape kwamba hila zimekwisha. Nimeapa, mkono juu ya sufuria. Nimeapa kwa moyo safi.

Halafu nikawasikia wateja wa barazani wakisema kinachokosekana hapa ni muziki tu. Na nani alikuwa anapita? Rosendo Valdivia! Mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa, kastaafu juzi, anatafuta pa kupigia. Naye si wa familia. Mama mkwe ana mume tayari, binti yangu ana mume, hakuna mwanamke aliyebaki wa kuoza.

Lakini nimezisoma sheria upya. Mtoto wa kuasili, yaani uliyemchukua kisheria awe wako, ni mtoto halali kama mwingine yeyote. Na hakuna mahali, hakuna hata mstari mmoja, panaposema mtoto asiwe mkubwa kuliko baba yake!

Kesho asubuhi nakwenda kwa Rosendo. Ana miaka sitini na tatu. Atakuwa mwanangu wa kwanza wa kiume.